Maji ya mfuko wa jiotekstaili hayatoki masafi: kutafuta chanzo unapokamua tope lenye metali

Matundu ya jiotekstaili, yaani kitambaa kinachoshonewa mifuko ya kukamulia tope, huwa na upana wa karibu milimita 0.4. Chembe ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Kwa hesabu hiyo, chembe mia mbili zingepita kwenye tundu moja zikiwa zimejipanga bega kwa bega. Na ni kwenye chembe hizo ndogo ndiko risasi, zinki, shaba na kadmiamu hung'ang'ania zaidi, pamoja na kwenye oksidi za chuma na manganizi na mabaki ya mimea iliyooza. Mchanga hubeba metali kidogo tu.

Kwa hiyo kitambaa peke yake hakichuji metali. Polima, kemikali ya minyororo mirefu inayochanganywa na tope, huzikusanya chembe kuwa madonge, madonge hujenga ganda upande wa ndani wa kitambaa, na ganda hilo ndilo linalozuia chembe zinazofuata. Kitambaa hulishikilia ganda na kubeba uzito. Ndiyo maana tatizo linaloonekana kwenye kitambaa mara nyingi limeanzia mita kadhaa nyuma: kwenye bomba, kwenye tangi la polima, au kwenye pH (kipimo cha uasidi) ya tope lenyewe. Usikimbilie kubadilisha kitambaa. Anza nyuma, uje mbele.

Kwanza chukua sampuli, tena kwa mpangilio sahihi

Unahitaji sampuli za sehemu tatu: tope kabla ya polima, tope lililokwisha kuchanganywa na polima, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye kitambaa. Ya pili ndiyo inayosahaulika, ilhali ndiyo inayosema mengi. Weka vali ndogo kwenye bomba, karibu kabisa na mdomo wa mfuko. Jaza chupa angavu ya lita 1, iinue kwenye mwanga, uitazame kwa sekunde 30. Dozi ikiwa sawa utaona madonge ya ukubwa wa punje za mtama au zaidi yakishuka haraka, na kati yake maji yanayopitisha mwanga. Ukiona ukungu wa kahawia umetanda kati ya madonge, hata kama madonge ni makubwa, kuna chembe zilizoachwa. Ukiona nyuzi za utelezi zinazoning'inia na kushika kuta za chupa, polima imezidi au haijayeyuka.

Maji ya mchujo yapelekwe maabara kwa chupa mbili. Ya kwanza haichujwi. Hutiwa asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2, nayo huonyesha metali zote. Ya pili huchujwa palepale kwa kichujio cha maikromita 0.45, ndipo hutiwa asidi, nayo huonyesha metali zilizoyeyuka. Mpangilio huo usigeuzwe kamwe. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, asidi huzing'oa metali kwenye chembe, na maabara itakuletea jibu kwamba metali zote zimeyeyuka. Utaanza kununua kemikali za kutibu ugonjwa ambao haupo.

Tofauti kati ya chupa hizo mbili ndiyo njia panda ya kazi nzima. Chupa ya kwanza ikiwa juu na ya pili chini, chembe zinapita: shughulikia polima, bomba na mfuko. Zote mbili zikiwa juu na karibu sawa, metali zimeyeyuka, na hakuna kitambaa duniani kitakachozizuia: shughulikia kemia.

Dalili: maji yana rangi ya tope

Yakiwa machafu kwa dakika za mwanzo tu kisha yakasafika, hakuna tatizo. Ganda lilikuwa bado halijajengeka. Yarudishe maji hayo mwanzoni mwa mfumo, usiyaachie mtoni. Tarajia hali hiyohiyo, kwa kiasi kidogo, kila pampu inapowashwa upya.

Yakiendelea kuwa machafu, hesabu dozi kabla ya kugusa kitu kingine. Chukua pampu inayosukuma mita za ujazo 100 kwa saa, tope likiwa na yabisi asilimia 5 kwa uzito. Hiyo ni takriban tani 5.2 za yabisi kavu kila saa. Kama majaribio ya chupa yalionyesha kilo 1 ya polima kwa kila tani kavu, unahitaji kilo 5.2 kwa saa, ambazo katika mchanganyiko wa asilimia 0.2 ni lita 2,600. Sasa mashine ya kuchotea ikizama kwenye tope zito la asilimia 10, mahitaji yanaruka hadi lita 5,300. Ikiinuka na kuvuta maji matupu zaidi, asilimia 2, yanashuka hadi lita 1,000 hivi. Pampu ya polima iliyofungwa kwenye lita 2,600 asubuhi hadi jioni itakuwa inakosea karibu siku nzima, mara kwa kupunja, mara kwa kuzidisha. Hiki ndicho chanzo tunachokishuku kabla ya vingine vyote. Dawa yake ni kipima msongamano na kipima mtiririko kwenye bomba la tope, pampu ya polima ikifuata vipimo hivyo. Kama huna, weka tangi la kuchanganyia katikati ili tope lifike likiwa na uzito unaolingana, na mtu apime sampuli kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Kurudia jaribio la chupa hakuchukui muda. Kwa lita 1 ya tope la asilimia 5 kuna gramu 52 za yabisi. Dozi ya kilo 1 kwa tani ni mililita 26 za mchanganyiko wa asilimia 0.2. Mimina kutoka kikombe hadi kikombe mara 6, tazama, kisha pitisha kwenye kipande cha kitambaa kilekile cha mfuko kilichofungwa juu ya kopo, ukipima maji yaliyopita kwa sekunde 30 na kwa dakika 1. Jaribu mililita 13, 26, 39 na 52. Kisha rudia dozi iliyoshinda ukimimina mara 20. Madonge yakisagika ukimimina mara 20, umeshajua jambo muhimu kuhusu bomba lako.

Kama dozi ni sahihi kwa hesabu lakini chupa ya vali inaonyesha ukungu, angalia mambo haya:

- Polima haijakomaa. Polima ya unga inahitaji kama saa 1 ya kukorogwa polepole ili minyororo yake ifunguke. Ukiona vidonge vyeupe laini kama macho ya samaki, unga ulimwagwa kwa pupa na sehemu yake haifanyi kazi yoyote.
- Maji ya kuyeyushia yana chuma kilichoyeyuka, klorini au chumvi nyingi. Chuma na klorini hukata minyororo ya polima, na chumvi huifanya ijikunje. Linganisha kwa kuyeyusha kiasi kidogo kwa maji safi ya bomba.
- Polima inaingizwa kabla ya pampu. Mapanga yanayozunguka ndani ya pampu hupondaponda madonge, na madonge ya polima yakishasagwa hayajirudii vizuri. Sogeza sindano ya polima iwe baada ya pampu.
- Bomba ni fupi mno au refu mno. Fupi, polima haijachanganyika. Refu lenye viwiko vingi, madonge yanakatika. Weka matundu 2 au 3 ya kuingizia kwa umbali tofauti, ujaribu moja baada ya lingine. Ni kazi ya nusu siku, na mara nyingi huokoa polima.
- Tope limebadilika. Eneo jipya lenye mabaki mengi ya mimea au mfinyanzi mwingi linaweza kutaka polima ya chaji nyingine kabisa. Kuongeza dozi ya polima isiyofaa hakusaidii.

Kama chupa ya vali ni safi lakini maji ya nje ni machafu, hapo sasa ndipo kitambaa kinaingia kwenye kesi. Zunguka mfuko ukiangalia. Uchafu unaotoka sehemu moja, kama mshipa, ni tundu, mshono ulioachia au mdomo uliofungwa vibaya. Uchafu unaotoka kila mahali kwa usawa humaanisha madonge yanavunjikia ndani, hasa pale mdomo unapomwaga kwa kasi kubwa. Punguza kasi, au gawa mtiririko kwenye midomo miwili.

Dalili: maji ni angavu, lakini metali ziko juu

Hali hii hudanganya, kwa sababu kila mtu anayatazama maji na kuridhika. Kipima ukungu nacho kitaridhika. Chupa iliyochujwa ndiyo itakayosema.

Anza na pH. Metali nyingi hugeuka kuwa haidroksidi na kuganda, ila kila moja ina pH inayoipenda: kromiamu ya hali ya tatu ya oksidisho 7.5 hadi 8.5, shaba 8 hadi 9, zinki na risasi 9 hadi 10, nikeli 10 hadi 10.5, kadmiamu karibu 11. Kromiamu, zinki na risasi huyeyuka tena ukizipandisha kupita kiasi, kwa hiyo chokaa nyingi zaidi si lazima ilete maji safi zaidi. Ukiwa na metali kadhaa kwa pamoja, tafuta pH ya maafikiano kwa majaribio ya chupa: 8, 8.5, 9, 9.5 na 10, kila moja ikipimwa maabara. Takwimu za vitabuni ni za maji yasiyo na vitu vingine. Kabonati kwenye tope lako huzisogeza.

Mpangilio wa kemikali ni chokaa au magadi kwanza, dakika kadhaa za kukorogwa, kisha polima mwishoni. Ukitanguliza polima, chembe mpya za haidroksidi zinazaliwa wakati madonge yameshaundwa, nazo zinabaki nje. Ni ndogo, hazionekani, na baadhi hupita hata kwenye kichujio cha maikromita 0.45. Ukishuku hilo, linganisha kichujio cha 0.45 na cha 0.1. Namba ikishuka kwa cha 0.1, una chembe changa zinazohitaji chumvi ya chuma au ya alumini kabla ya polima. Kumbuka kwamba chumvi hizo hushusha pH, kwa hiyo ipime tena baada ya kuziongeza.

Aseniki ina njia yake. Haigandi kwa chokaa kama zinki. Hushikwa na haidroksidi ya chuma, na hushikwa vizuri pH ikiwa karibu 6 hadi 7. Ukiipandisha pH hadi 10 ili kukamata nikeli, chuma kinaweza kuiachia aseniki iliyokuwa imetulia. Tope lenye aseniki na nikeli kwa pamoja litibiwe kwa hatua mbili, na maji ya hatua ya pili yatibiwe baada ya kutoka kwenye mfuko. Aseniki iliyotoka kwenye tope jeusi lisilo na oksijeni huwa ya hali ya tatu, isiyoshikika kwa urahisi, kwa hiyo maji yapigwe oksidi kwanza. Upepo pekee huchukua muda mrefu. Peroksidi ya haidrojeni au pamanganeti hufanya kazi upesi.

Kromiamu ya hali ya sita haigandi kwa pH yoyote mpaka ipunguzwe kuwa ya hali ya tatu, na salfeti ya feri ya hali ya pili huifanya kazi hiyo. Shaba na nikeli zikigoma kwa pH zote, shuku amonia au asidi za mboji zilizozikumbatia. Hapo sodiamu salfidi huweza kusaidia, lakini pH isishuke chini ya 8 mahali inapotumika, maana itatoa gesi ya haidrojeni salfidi.

Dalili: mfuko umevimba na maji hayatoki

Pambana na hamu ya kuongeza nguvu ya pampu. Zima, uache mfuko upumue saa kadhaa, kisha pitisha mkono juu ya kitambaa.

Kikiteleza kama kimepakwa kamasi, polima imezidi. Ziada hiyo imeziba matundu. Punguza dozi kwa robo, jaribu tena kwa kikombe. Polima ya ziada ina ubaya mwingine usioonekana: polima za chaji chanya huganda kwenye mashavu ya samaki, kwa hiyo maji yanayoteleza yasiachiwe ziwani hata kama metali ziko chini.

Kikiwa kigumu, cheupe na chenye chengachenga, ni kabonati ya kalisi kutokana na chokaa. Ukungu wa rangi ya chungwa unaotelezateleza ni chuma, mara nyingi pamoja na bakteria wanaokula chuma. Vyote viwili hung'oka kwa ufagio wa nyuzi laini na maji ya shinikizo dogo kutoka nje. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hukata nyuzi za polipropilini, usiitumie. Mafuta ndiyo mabaya zaidi. Yakishaingia kwenye nyuzi, mfuko huo hauponi. Yazuie kabla ya pampu.

Kikiwa safi na hakina kitu, basi ziba iko ndani: mfinyanzi ambao haukupata polima umejipanga kama plasta. Kupigapiga kitambaa kwa ubapa wa ubao huachia sehemu ya ganda na maji yataanza kuchuruzika. Hiyo ni huduma ya kwanza. Tiba iko kwenye dozi.

Dalili: mfuko unabingirika, au mshono unaanza kufunguka

Mfuko unaobingirika umewekwa kwenye ardhi iliyoinama upande. Kwa upana ardhi iwe sawa kabisa. Kwa urefu, mwinamo wa asilimia 0.5 hadi 1 unatosha kuvuta maji kuelekea shimo la kukusanyia. Ukianza kusogea, simamisha pampu mara moja na watu wasikae upande wa chini. Hautulizwi kwa mawe madogo wala kwa mabega ya watu.

Mshono ni dhaifu kuliko kitambaa, na mvutano hupanda haraka kuliko kimo. Mfuko wenye mzingo wa mita 13.7 ukijazwa hadi uwe duara kamili ungefika karibu mita 4.4. Kimo cha kazi huwa chini ya nusu ya hapo, na kikomo ni kile alichoandika mtengenezaji wa mfuko huo. Chomeka nguzo mbili, funga kamba juu ya mfuko kwa kimo hicho, na kazi isimame kitambaa kinapogusa kamba. Makadirio ya macho hukosea hasa jioni, watu wakiwa na haraka ya kumaliza.

Dalili: wiki zimepita, ndani bado ni uji

Chini pamezibwa, au juu pananyeshewa mvua. Angalia kwanza tabaka la kokoto lililo kati ya mfuko na karatasi nene ya plastiki: kama maji yamesimama ndani ya tuta linalouzunguka mfuko, mfuko unanyonya tena kile ulichotoa. Weka kitambaa kisichofumwa juu ya kokoto ili vumbi la tope lisizibe nafasi zake. Kwa mvua, funika kwa turubai lililoinuliwa kidogo, upepo upite chini yake.

Kupima kama tope liko tayari kubebwa ni rahisi. Njia rasmi inayotumika Marekani ni kuweka gramu 100 kwenye kichujio cha kuchujia rangi ya kupaka na kusubiri dakika 5. Likidondosha hata tone moja, bado.

Dalili: maji yalikuwa mazuri, sasa yanachachuka

Tope jeusi lenye harufu ya mayai viza limejaa salfidi za metali. Chini ya maji zimetulia. Ndani ya mfuko, maji yakishatoka, hewa huingia kwenye nyufa za ganda na salfidi hugeuka kuwa asidi ya salfuriki. pH hushuka, na kadmiamu na zinki zilizokuwa zimefungwa huachiliwa. Hakuna polima iliyokosewa hapo. Kosa ni kuuacha mfuko miezi mitatu juani ukisubiri lori.

Pima pH ya michuruziko kila wiki hata baada ya kazi ya kujaza kwisha. Ikianza kushuka kutoka 7.5 kuelekea 6.5, chukua hatua hapohapo, usisubiri ifike 4. Funika, punguza hewa na mvua, tibu maji ya shimo kwa chokaa, na harakisha kuondoa tope. Afadhali zaidi ni kupima uwezo wa tope kuzaa asidi kabla ya kuanza, na kuchanganya chokaa ya mawe iliyosagwa kwenye tope linaloingia.

Harufu yenyewe ichukuliwe kwa uzito. Haidrojeni salfidi hulemaza pua inapofika karibu sehemu 100 kwa milioni, kwa hiyo harufu ikitoweka ghafla si lazima gesi iwe imeondoka. Kila anayeingia ndani ya tuta avae kipima gesi. Katika Ziwa Onondaga, jimbo la New York, ambako tope lenye zebaki lilisukumwa kwenye mifuko ya namna hii kati ya 2012 na 2014, harufu iliwafikia wakazi wa jirani, na mifuko ikabidi ifunikwe.

Dalili: sampuli za tope lililokauka hazikubaliani

Hapa huenda maabara haijakosea. Tope linapoingia, mchanga hutua karibu na mdomo na chembe laini husafiri hadi kwenye ncha. Kwa kuwa metali ziko kwenye chembe laini, ncha za mfuko zinaweza kuwa na metali nyingi kuliko katikati yake. Sampuli zote zikichukuliwa chini ya mdomo, mahali ambapo ni rahisi kukata, utapata picha nzuri isiyo ya kweli. Chukua sampuli ndefu kwa kuchomeka bomba la chuma kutoka sehemu zisizopungua 5 kwa urefu wa mfuko, ncha zote mbili zikiwemo, na kwa kina chote hadi kwenye kitambaa cha chini. Changanya kwa uzito unaolingana kwa ajili ya jibu la wastani, lakini za ncha zibakishwe pia peke yake. Kwa uamuzi wa dampo, omba jaribio la kuvuja, maana jumla ya metali haionyeshi kiasi kitakachotoka. Kwa mfano, jaribio la TCLP la Marekani huweka mpaka wa miligramu 5 kwa lita kwa risasi, 1 kwa kadmiamu na 0.2 kwa zebaki. Ncha moja ikivuka mpaka, ikate na uitenge kabla lori halijachanganya vyote.